Shuka Lenye Chumvi

Januari huku kwetu, kaskazini mwa Msumbiji, kati ya Palma na Quionga, mtu hajifuniki ili apate joto. Anajifunika ili mbu wasimmalize, na ili akiamshwa ghafla asikutwe uchi. Ndiyo maana shuka zuri kwetu ni lililochakaa. Kanga mpya ina wanga, inanata mwilini, na kila ukijigeuza unaisikia ikichakarisha kama karatasi. Kanga iliyofuliwa mpaka ikalegea, hiyo ndiyo ya kulalia. Mama yangu alikuwa nayo moja aliyoifua mpaka maandishi yake yakafutika, na hakuna aliyekumbuka tena ilikuwa inamsema nani. Tuliigombea mimi na yeye kila msimu wa joto, na kila mara alishinda yeye, kwa kuwa yeye ni mama na mimi ni mwanamke niliyeachwa nikarudi kulala chumba cha utotoni.

Taabu ni mgeni. Mgeni hatandikiwi kitambaa kilichochakaa, hata kama ndicho chepesi kuliko vyote. Mgeni hupewa kipya, na kipya ni joto.

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, wageni walikuwa wengi kuliko vitanda. Pensao za Palma, yaani nyumba za wageni, zilijaa watu wa mikataba, na aliyekosa chumba huko alisukumwa vijijini kwa watu kama sisi. Nasi tulikuwa tumeshajitia kimbelembele. Tuling'oa makuti tukaezeka bati, kwa kuwa kila mwenye jamaa aliyepata kibarua kwenye kambi ya gesi aliezeka bati, nasi hatukutaka kuonekana tumelala. Bati lilipendeza. Ila ikifika adhuhuri nyumba iligeuka tanuri, na hadi tunakwenda kulala joto lile lilikuwa bado halijatoka.

Basi alasiri moja sekretario, kiongozi wa mtaa wetu, akatuletea mgeni. Alikuwa msichana wa Maputo, mrefu, mwenye viatu vya vumbi, aliyepangiwa kazi mkoani kwetu na serikali. Kiswahili chake kilianzia salama na kuishia asante.

"Dotora huyu ni wa maji," sekretario alimwambia mama kwa sauti ya chini; huku kila msomi ni dotora. "Anapima visima. Nlazeni vizuri."

Maneno hayo mawili, anapima visima, yalimfanya mama aweke chini ungo aliokuwa akipepetea. Habari zilizokuwa zikizunguka ni kwamba kule upande wa pili wa Palma, ambako watu walitakiwa kupisha gesi na kujengewa nyumba za matofali Quitunda, mambo yalianza hivi hivi. Kwanza anakuja mtu na kipimo, kisha kisima kinafungwa, kisha nawe unafungishwa virago. Kama ni kweli sijui mpaka leo. Tuliyasikia tukayaamini, maana hakuna aliyetueleza jingine.

Na kisima chetu hakikuwa shimo la maji tu. Baba alikichimba mwenyewe, mama akivuta ndoo za mchanga, mimi nikiwa tumboni mwake. Baba alipofariki hakuacha mashamba ya kutajika, aliacha kisima. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kuteka kwetu, na kwa kuja kwao mama alikuwa mtu. Alijua nani kajifungua, nani kanuniwa na mumewe, nani apelekewe unga bila kuulizwa. Kikifungwa, mama angebaki kikongwe wa kawaida uani kwake, akisubiri siku ya kuhamishwa. Hilo lilimtisha kuliko kufa. Aliniambia hivyo hivyo, huku akifagia chumba cha mgeni kwa mara ya pili.

Kwa hiyo kitanda kile tulikitandika kama watu wanaotetea kesi.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye nyumba yake imepakana na yetu na mdomo wake haujapakana na kitu, alifika mbio na blanketi lake la manyoya lenye picha ya simba. Lilitoka Mtwara, na tangu lifike lilikuwa halijavuliwa mfuko wake wa nailoni.

"Mgeni wa serikali huyo," alisema. "Mpeni simba."

"Mama mdogo, atakufa kwa joto."

"Ntu hafi kwa joto. Ntu hufa kwa kudharauliwa."

Tulivutana pale mlangoni, yeye akimshika simba kichwa, mimi mkia. Mwisho mama aliamua. Tukatandika shuka la pamba tupu lenye maua madogo ya buluu, la kulalia na kujifunikia, nililolifua na kulipiga pasi ya mkaa mpaka likateleza. Mama mdogo aliondoka na simba wake, akitutabiria mabaya.

Mgeni alipoingia chumbani alilishika lile shuka kwa vidole, akatabasamu. "Que lençol leve," alisema. Mimi ndiye niliyekuwa Mreno wa nyumba. Nilisoma mpaka darasa la saba, na Kireno changu kilitosha kwenda ofisini na kurudi. Nikamtafsiria mama kwa maringo kwamba dotora anasema shuka letu ni jepesi. Lençol ni shuka, hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Mama akapumua.

Kabla ya magharibi dotora alizunguka mtaa na kipimo chake, akakiteremsha kisimani kwetu kama alivyokiteremsha kwa wengine, akatazama, akakipangusa, akatuchekea. Sisi tulimpelekea samaki wa kukaanga na wali, tukamwangalia anavyokula, tukajaribu kusoma kila tonge.

Asubuhi alitoka chumbani nywele hajazifunga, anajikuna mkono, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya baraza ambako simu hushika mtandao. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nafagia. Nikamsikia akimwambia mkubwa wake: "O lençol está salgado, chefe. Muito salgado. Assim não dá. Tem de se tapar."

Ufagio ulinitoka mkononi. Niliyatafsiri neno kwa neno, na hayakuwa na maana nyingine kichwani mwangu: shuka lina chumvi, mkubwa, chumvi nyingi, haiwezekani hivi, lazima kufunika. Kwa hiyo amelala kwetu usiku mmoja tu, na kabla hata ya kunawa uso ameshatushtaki kwa wakubwa wa mkoa, mjini Pemba, kwamba tumemlaza kwenye shuka la chumvi na hatukumpa cha kujifunika.

Niliona aibu, kisha nikaona hasira. Nani anaonja shuka? Lakini nilikwenda jikoni nikamweleza mama kama nilivyosikia.

Mama alingoja dotora atoke na sekretario kwenda kupima visima vya mbali, akaingia chumbani, akainua pembe ya lile shuka la maua, akaiweka ulimini. Alisimama hivyo, kitambaa mdomoni, macho yake dirishani ambako kisima kinaonekana. Uso wake ulibadilika.

"Lina chunvi," alisema.

Nikalionja na mimi. Kweli lilikuwa na chumvi. Nikaonja foronya, nikaonja kanga zangu, nikaonja shuka la kitandani kwangu. Ukishaanza kuonja nguo, kila nguo ina chumvi. Nilimwambia mama huenda ni jasho, au sabuni, au upepo wa bahari. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mgeni, haniangalii.

"Tulifue upya," nilisema.

"Kwa maji gani?"

Mvua ilikuwa imechelewa mwaka huo na mapipa yalikuwa matupu. Maji mengine ya karibu yalikuwa ya dimbwi la ng'ambo ya mikorosho, mekundu kwa udongo. Ukifulia humo shuka jeupe, unaanika kaniki. Mama mdogo, ambaye alikuwa amesikia habari zote kupitia ukuti wa ua, aliingia na mfuko wake wa nailoni kifuani.

"Simba hajaguswa na maji yoyote," alisema. "Na si kasema mwenyewe anataka kufunikwa? Basi afunikwe."

Nilimwona akilini yule msichana chini ya manyoya yale, chini ya bati lile, Januari ile, halafu kesho yake kwenye simu na mkubwa wake. Nilihisi kama kisima kinafungwa tayari na mimi ndiye niliyeshikilia jiwe. Na saa zilikuwa zinakwenda.

Mama aliinuka, akaenda chumbani kwake. Tukasikia sanduku likifunguliwa. Aliporudi alikuwa amebeba kitambaa cheupe kilichokunjwa, na harufu ya kafuri ilitangulia mbele yake.

Sote tulikijua. Ilikuwa bafta yake. Aliinunua mwenyewe, akaikata mwenyewe vipande vyake, akatuonyesha inapokaa ili siku yake ikifika tusihangaike kubisha hodi madukani. Alikuwa ameshika lile pande kubwa la nje. Maji ya nyumba yetu yalikuwa hayajawahi kuigusa.

"Dada!" Mama mdogo alishika kichwa. "Hiyo ni sanda!"

"Ni bafta. Haijawa sanda mpaka nife, na mie sijafa."

"Utanlaza ntoto wa watu ndani ya sanda yako?"

"Ntanlaza ndani ya kitu kisafi kuliko vyote vilivyomo humu. Nyie mna kingine?"

Hatukuwa nacho. Mama mdogo aliondoka akimtaja Mungu kwa majina yake yote. Mimi nilisaidia kutandika. Bafta ile ilikuwa nyepesi kweli. Ukiipeperusha juu ya kitanda inakaa hewani kidogo kabla ya kushuka. Mama aliunyoosha upindo wake kwa kiganja, taratibu, kama anavyomnyoosha mtoto nguo ya Idi.

Dotora alirudi amechoka. Aliishika bafta, akaileta puani. "Que cheiro bom," akasema, harufu nzuri, ni ya nini? Nikamjibu kuwa ni dawa ya kuzuia nondo. Si uongo. Alimgeukia mama akamwambia asante sana, mama, kwa Kiswahili chake chote.

"Lala unono," mama alijibu.

Dotora alilala mlango wazi kidogo kwa sababu ya joto. Chandarua chetu kilikuwa na matundu kuliko nyavu za dagaa, na bila shaka mbu walimtafuta, maana kulipokucha alikuwa amejivuta bafta ile kutoka vidole vya miguu hadi juu ya utosi, amejinyoosha chali, ametulia.

Hivyo ndivyo mama mdogo alivyomkuta, alipopita barazani na kigae chake kuja kuomba kaa la moto.

"Innalillahi!" Sauti ile ilifika msikitini. Kigae kilipasuka. Kisimani wanawake waliachia kamba, ndoo zikaanguka ndani kwa kishindo. Maiti ikaketi kitandani, nywele zimesimama, ikauliza kwa Kireno nani amekufa. Mama mdogo akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama.

Leo tunacheka tukisimulia. Asubuhi ile hakuna aliyecheka. Msichana alikuwa ananitazama mimi, anataka kuelezwa. Nami nikamwaga yote kwa mkupuo, Kireno kikinikatika: kwamba shuka la kwanza lilikuwa na chumvi, kwamba tumeonja nguo zote, kwamba hatukuwa na maji mengine, kwamba hiyo aliyojifunika ni nguo ya kifo ya mama yangu. Neno lao la sanda sikulijua. Nilisema roupa de morto, nguo ya maiti, nikamwonyesha mama kwa kidole.

Aliivua ile bafta mabegani polepole sana. Akaikunja juu ya mapaja yake.

"Nani alisema shuka lina chumvi?" aliuliza.

"Wewe. Kwenye simu."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani anacheka, nikajiandaa kumjibu vibaya. Hakuwa anacheka. "Não era este lençol," alisema. Halikuwa shuka hili. Akaelekeza kidole sakafuni, kisha akazungumza nami taratibu, kama mwalimu. Maji ya chini ya ardhi, alisema, yamelala yametandazwa kama shuka, na watu wa kazi yake huyaita hivyo hivyo, lençol. Bahari imeanza kuingia humo. Shuka la chini ya nyumba yetu limeshakuwa la chumvi. Na tapar ni kukifunika kisima.

Nilibaki nimesimama katikati ya chumba. Mama alikuwa mlangoni, na nyuma yake uani wanawake walikuwa wametulia na kamba zao mikononi.

"Kasemaje?" mama aliuliza.

Nilitamani kudanganya. Kireno kilikuwa changu peke yangu mle ndani, ningeweza kusema lolote. Lakini uso wa mama ulikuwa umetulia kuliko wangu.

"Mama, anasema maji..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Yameingia chunvi. Najua zamani."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoacha kutia chunvi kwenye wali, nanyi mkala mkashukuru."

Niliwatazama wanawake wa kisimani. Kila mmoja alitazama ndoo yake. Nao walijua. Chumvi ile haikuja siku moja, ilikuja kidogo kidogo kama mvi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia mama kwamba kisima cha mumewe kimeharibika. Walikuwa wakija, wakiteka, wakishukuru, wakienda. Ni mimi tu, Mreno wa nyumba, niliyekuwa nakunywa bila kuhisi. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliposhika shuka mdomoni alitazama dirishani. Alijua tangu hapo msichana alikuwa anasema nini kwenye simu. Hakuwa anabadilisha shuka. Alikuwa anamwomba huyu mtoto wa watu kwa kitu cha mwisho alichokuwa nacho, na hakutaka hata mimi nijue kuwa anaomba. Nilimwonea uchungu.

Nilimweleza dotora, sehemu ile niliyoweza. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema taarifa ameshaitoa, na hata kama asingeitoa angeitoa leo, kwa kuwa maji yale yatawadhuru wajawazito na watoto wachanga kabla ya wengine. Nikamuuliza kama baada ya kisima tutahamishwa. "Ya gesi sijui kitu," alinijibu. "Mimi najua maji tu." Nilimtafsiria mama hayo, yote, bila kupunguza.

"Mwambie hana kosa," mama alisema. "Maji hayapimwi kwa upendeleo."

Msichana alitaka kurekebisha alichokiharibu. Gari lilipokuja kumchukua alishusha chupa za maji matamu, boksi zima, akaziweka barazani. Akasema angependa aifue bafta kwa mikono yake mwenyewe kabla hajaondoka, irudi sandukuni kama alivyoikuta. Mama mdogo, ambaye kufikia hapo alikuwa ameweza kusimama, aliinua mikono juu kushukuru. Maji matamu, safi, yaliyofungwa! Sanda itatakata.

Mama aliipokea bafta mikononi mwa msichana. Akamshika bega, akamwambia asante, akamwambia aende salama. Kisha akaweka beseni kando ya kisima na kunigeukia.

"Teka."

"Dada, maji hayo pale," mama mdogo alisema. "Mazuri. Ya bure."

"Mpeni kila mwenye mimba chupa yake. Teka, mwanangu."

Sikuigusa kamba. Nilimwambia haifai, sanda hufuliwa kwa maji mazuri. Nilimwambia mafundi wa simenti, wa kukifunika kisima, wanaweza kufika wakati wowote. Alikaa juu ya kigoda, akalaza ile bafta mapajani, akanitazama kama mtu anayengojea mtoto mzito wa kuelewa.

"Kisima watakichukua," alisema. "Wametumwa, wakichukue. Chunvi yake naondoka nayo mie."

Dotora alikuwa bado hajapanda gari. Aliniuliza mama anasema nini. Sikumtafsiria. Nilishusha ndoo, nikaisikia ikigusa maji, nikavuta. Mama alifua, akasuuza, akakamua pembe moja mimi nikishika nyingine, na wanawake waliokuja na ndoo zao walisubiri zamu bila kuguna.